Rivyu: chanjo ya korona na busta zake, huduma nzima toka meza ya maswali mpaka kiti cha kusubiria

Watu wengi ukiwauliza chanjo ya korona ilikuwaje watakusimulia sindano tu, iliuma haikuuma, mkono ulivimba haukuvimba, basi imeisha. Mi naomba niiongelee kama huduma, yaani toka unafika mpaka unaambiwa urudi lini, maana kudungwa kwenyewe ni sekunde chache na hakuna cha ajabu pale, kazi yote iko kabla na baada. Nimechanja dozi zangu na busta, yaani ile dozi ya kuongezea kinga inayokuja baadae, nimempeleka mama ambaye ana sukari na presha, na kwenye kusubiri huko nimekaa sana nikiwaangalia watoa chanjo wanavofanya kazi na kuwauliza maswali, wengine walikuwa wananijibu vizuri mno. Kwa ujumla naipa nyota nne kwa tano. Ile moja imekatwa na busta, ntafika huko.

Nianze na meza ya maswali kwa sababu hapo ndo unajua kituo kiko makini au wanataka tu foleni iishe. Mtoa chanjo mzuri haishii kwenye jina na umri. Anakuuliza umewahi kupata aleji kali, ile ya kuvimba midomo na koo na pumzi kubana, iwe kwa dawa, kwa sindano au kwa dozi iliyopita ya chanjo hii hii. Swali hilo halipo kwa ajili ya kujaza fomu. Chanjo za Pfizer na Moderna zina kitu kinaitwa polietilini glaikoli, wenyewe wanaita PEG, kimo kwenye vile vitone vidogo sana vya mafuta vinavyobeba mRNA, yaani yale maelekezo ya kuufundisha mwili kukijua kirusi, na kuna watu wachache mno ambao miili yao inakikataa. Kama dozi ya kwanza ilikuletea aleji kali basi hupewi tena chanjo ya aina ile, unatafutiwa nyingine. Sasa mtu asipoulizwa atajuaje kuwa hilo ni la kusema? Wengi tungekaa kimya tu.

Anakuuliza pia kama leo una homa. Mafua ya kawaida hayakuzuii kuchanja, ila ukiwa na homa kali unaambiwa upone kwanza, na kama unaumwa korona yenyewe unasubiri dalili ziishe na muda wa kujitenga upite, na kuna wataalamu wanaokubali usogeze mbele hadi miezi 3 kwa kuwa kinga iliyotokana na ugonjwa bado iko juu. Afu kuna swali la dawa. Mama anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, na yule dada aliyemhudumia aliposikia tu akabadilisha sindano akachukua nyembamba, baada ya kudunga akabana pale na pamba akamwambia "mama usisugue, bana tu hivi hivi dakika mbili, ukisugua ndo utavilia damu". Mkono haukuwa hata na alama. Huyo dada simjui jina lakini natamani kila kituo kingekuwa naye.

Wajawazito nao wanatakiwa kuulizwa, na sio ili wafukuzwe! Hili linaniuma kwa sababu nimeona mama mjamzito akirudishwa nyumbani kwenye kituo kimoja, sikitaji, kumbe wakati ule tayari ushauri ulishabadilika. Mwanzoni kabisa wajawazito hawakuwemo kwenye majaribio makubwa kwa hiyo watu waliogopa na hofu hiyo ilieleweka, lakini data zilipokuja Shirika la Afya Duniani, WHO, likawaweka kwenye kundi la wanaopaswa kuchanjwa, na baadae ushauri wao ukawa dozi moja katika kila ujauzito, maana kinga ya mama inapita kwa mtoto na mtoto wa chini ya miezi 6 hana chanjo yake mwenyewe ya korona. Yaani huyo mama ndo njia pekee mtoto anapata kinga, afu unamrudisha.

Sasa twende kwenye kichupa, sehemu ambayo wachanjwaji wengi hatuitazami na mi naona ndo pana utaalamu mwingi kuliko pote. Chukua ile Pfizer ya mwanzo yenye kifuniko cha zambarau. Ilikuwa inatunzwa kwenye ubaridi wa kati ya nyuzi hasi 60 na hasi 90, baridi ambayo friji ya kawaida haifiki hata karibu, ndo maana mwanzoni kabisa ilikuwa inapatikana kwenye vituo vikubwa tu. Ikishatolewa kuyeyuka inakaa kwenye friji la nyuzi 2 hadi 8 kwa mwezi mmoja na hairudishwi tena kwenye barafu. Kabla ya kudungwa ilikuwa inachanganywa na mililita 1.8 za maji ya chumvi ya hospitali, yale yanayowekwa kwenye dripu, na kichupa kinapinduliwa taratibu mara 10, hakitikiswi kama dawa ya kikohozi kwa sababu vile vitone vya mafuta vinaharibika. Kila mtu anavutiwa mililita 0.3. Mwanzo maelekezo yalikuwa kichupa kimoja ni watu 5, baadae ikaonekana ukitumia bomba la sindano lisilobakisha dawa shingoni unapata watu 6, na kwa dunia iliyokuwa inagombania chanjo wakati ule huyo mtu wa sita sio mdogo. Na ikishachanganywa una masaa 6, yakiisha kilichobaki kinamwagwa.

Baadae ikaja yenye kifuniko cha kijivu, hiyo haichanganywi na kitu, na ya watoto wa miaka 5 hadi 11 ilikuja na kifuniko cha rangi ya machungwa na dozi yake ni maikrogramu 10 wakati mtu mzima anapata 30, na wale wadogo zaidi kuanzia miezi 6 hadi miaka 4 wanapata 3 tu. Kwa hiyo rangi ya kifuniko ina maana kubwa, mtu akichanganya rangi mtoto anapata dozi ya mkubwa au mkubwa anapata dozi ya mtoto. Mtoa chanjo anayekuonyesha kichupa, anakutajia jina la chanjo, anakuonyesha tarehe na kiasi alichovuta kabla hajakugusa, huyo anajua kazi yake. Na wewe usione aibu kuomba kuonyeshwa, ni haki yako na inachukua muda mfupi sana. Mi naomba kila mara na hakuna aliyewahi kunikasirikia.

AstraZeneca ilikuwa rahisi kwa watu wa friji, inakaa nyuzi 2 hadi 8 muda wote, kichupa cha watu 10. Janssen ya Johnson & Johnson nayo ikishafika kituoni hivo hivo ila kichupa cha watu 5. Hapa ndo inatoka ile kero ya kuambiwa "subirini mfike watu wengi ndo tufungue", kwa sababu vichupa hivi havina dawa ya kuzuia vijidudu, kikishatobolewa kinahesabiwa masaa 6. Naelewa kabisa kwanini mtoa chanjo hataki kumwaga dozi nyingi kwa ajili ya mtu mmoja, lakini kumwambia mtu mzima aliyetoka mbali na magoti yanamuuma aje kesho, wengi wao kesho hawaji. Msimamo wangu ni kwamba aliyefika achanjwe, afu kituo kipange siku maalum na kuwatangazia watu ili wafike pamoja. Kuna kituo niliona wanaandika namba za simu za watu na kuwaita wakishafika idadi, jambo dogo lakini hakuna aliyepoteza siku yake.

Sindano yenyewe sasa. Inaingia kwenye msuli wa bega, sehemu nene iliyo kama vidole viwili vitatu chini ya ule mfupa wa juu wa bega, na inaingia wima kabisa, nyuzi 90, sio kwa kuilaza. Watoto wachanga wanadungwa pajani kwa pembeni mbele maana bega lao bado halina nyama. Kalioni hapana. Kuvuta nyuma kidogo kuangalia damu kabla ya kusukuma dawa hakuhitajiki, na kunaongeza maumivu tu. Ninachowaomba sana watoa chanjo ni wakae chini na mchanjwaji akae chini, wote wawili kwenye urefu mmoja, kwa sababu mtoa chanjo akisimama na wewe umekaa mkono wake unakuwa juu na ni rahisi kudunga juu sana karibu na kiungo, na sindano ikiingia kwenye kiungo cha bega mtu anaweza kukaa na maumivu wiki au miezi na kushindwa kunyanyua mkono. Watu wakipata hiyo wanasema "chanjo imeniharibu mkono" kumbe ni mahali palipodungwa. Na wewe mchanjwaji vaa nguo inayoacha bega lote wazi, ukivuta shati kwa juu kupitia kola unamlazimisha adunge juu. Toa mkono ambao huutumii sana, legeza bega, usikunje ngumi.

Kwenye usalama wa vifaa naipa huduma hii nyota zote. Mabomba mengi niliyoona ni yale yanayojifunga yenyewe yakishatumika mara moja, hayavutiki tena hata ukitaka, na sindano inaenda moja kwa moja kwenye lile boksi la usalama bila kurudishiwa kifuniko. Kwa yeyote anayeogopa kuchangia sindano, hapo moyo utulie kabisa.

Baada ya hapo ni kile kiti. Dakika 15 kwa kila mtu, dakika 30 kwa aliyewahi kupata aleji kali. Jamani kikalieni! Nimeona watu wanachanjwa na kuondoka mbio wana haraka na nesi anawaita hawageuki. Aleji kali ya chanjo ni ya nadra sana, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inaiweka kwenye watu kama 5 kwa kila dozi milioni moja, lakini ikitokea mara nyingi inaanza ndani ya dakika chache, na dawa yake ni adrenalini inayodungwa pajani pale pale bila kuchelewa. Ukiwa kwenye kiti utadungwa na kupona, ukiwa ndani ya gari barabarani ni habari nyingine. Wengine wanazimia tu, hasa vijana, na hiyo sio aleji ni woga na presha kushuka, lakini ukizimia ukiwa umesimama unapasua kichwa. Kituo kizuri nilichokaa walikuwa wanakubandikia karatasi kifuani imeandikwa saa yako ya kuondoka, na mtu mmoja kazi yake ni kuzunguka tu kuangalia nyuso, na sinia lenye adrenalini liko wazi mezani unaliona. Kituo kingine, hicho nacho sikitaji, viti vilikuwa nje nyuma ya jengo ambako hakuna mhudumu hata mmoja anayeona. Nikamuuliza dada pale mlangoni nani anatuangalia, akasema "ukijisikia vibaya utakuja kutuambia". Mtu aliyebanwa koo atatembea aje kukuambia? Hapo nilisikitika sana, maana wamefanya kazi yote ngumu ya ubaridi na vichupa na sindano afu wanaanguka kwenye kitu kinachohitaji macho tu.

Nyumbani ujiandae kwa mkono kuuma, uchovu, kichwa, baridi na homa, siku moja hadi tatu hivi. Pfizer na Moderna dozi ya pili kwa kawaida ndo inakusumbua kuliko ya kwanza, AstraZeneca ilikuwa kinyume chake, ya kwanza ndo ilikuwa inakulaza. Parasetamo unakunywa ukishaanza kuumwa, sio kabla ya kwenda kuchanja ili ujihami. Kuna wengine tezi za kwapani zinavimba upande waliodungwa, zaidi kwenye busta, na mwanamke akizishika anashtuka kabisa anadhani ni uvimbe wa titi, zinaisha zenyewe, ila kama una miadi ya kupiga picha ya matiti mwambie mpigapicha kuwa umechanja hivi karibuni.

Kuna dalili ambazo sio za kukaa nazo nyumbani na natamani kila kituo kiziandike kwenye karatasi badala ya kuzisema haraka haraka mtu akiwa anavaa shati. Kwa Pfizer na Moderna ni maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au kupaparika, pumzi kukatika, hasa ndani ya wiki moja, hasa kwa vijana wa kiume baada ya dozi ya pili, hiyo inaweza kuwa misuli ya moyo imevimba, ni nadra na wengi wanapona lakini inabidi uonwe na daktari. Kwa AstraZeneca na Janssen ilikuwa ni kichwa kinachouma sana na hakipoi, macho kuona ukungu, tumbo kuuma bila kuacha, mguu kuvimba, au madoa madoa kwenye ngozi mbali na ulipodungwa, ndani ya wiki chache za baada ya kuchanja, hayo ni yale mambo ya damu kuganda ambayo yalizungumzwa sana 2021. Yalikuwa nadra mno lakini yalikuwa kweli, na mi naona kituo kinachoyataja wazi kinaaminika kuliko kinachosema "haina shida yoyote, nenda kapumzike". Watu sio watoto. Ukimwambia mtu ukweli wote anachanja kwa amani, ukimficha afu akausikia kwa jirani hatorudi kwa dozi ya pili.

Muda wa kati ya dozi uliwachanganya wengi, na sio kosa lao. Pfizer ilianza kwa wiki 3, Moderna wiki 4, Sinopharm ya China wiki 3 hadi 4, AstraZeneca WHO walipendekeza wiki 8 hadi 12, Janssen ilikuwa moja tu. Afu baadae ikaonekana kwamba hata hizi za mRNA ukizitenganisha kwa wiki kama 8 kinga inakuwa nzuri zaidi na ile hatari ya moyo kwa vijana inapungua, kwa hiyo jirani yako amepewa wiki 3 na wewe umepewa wiki 8 na wote mko sawa. Kitu ambacho kila mtu angeambiwa mapema ni hiki, ukichelewa dozi ya pili hauanzi upya. Unaendelea pale ulipoishia. Nimekutana na watu waliochelewa wakaona basi imeharibika wakaacha kabisa, kwa sababu hakuna aliyewaambia sentensi moja.

Haya, busta. Hapa ndo nyota yangu ilipokatika, na shida wala sio chanjo yenyewe, ni maelezo.

Israel ndo walianza mapema kabisa kuwapa busta wazee wa miaka 60 na kuendelea, mwisho wa Julai 2021, kwa sababu kinga dhidi ya kuambukizwa ilionekana inashuka miezi kadhaa baada ya dozi ya pili. Novemba 2021 ikaja Omikroni, aina mpya ya kirusi cha korona iliyoripotiwa kwanza toka kusini mwa Afrika, na kila nchi ikaanza kukimbia. Uingereza walikuwa wanasema busta ni baada ya miezi 6, wakashusha mpaka miezi 3. Aliyechanja Janssen aliambiwa miezi 2. Busta ya Moderna ikawa nusu dozi, maikrogramu 50 badala ya 100, wakati ya Pfizer ni dozi nzima ile ile. Ukiangalia kila uamuzi peke yake una sababu nzuri kabisa, kirusi kilikuwa kinabadilika na wao wanabadilika nacho. Lakini mtu wa kawaida aliyekaa nyumbani na kadi yake alikuwa anapata habari nusu nusu, leo miezi 6 kesho 3, na mwisho akaona hawa hawajui wanachofanya. Walijua. Hawakutueleza tu kwanini.

Afu kuna hili la dozi ya tatu na busta, watu wanavichukulia kama kitu kimoja na hata baadhi ya wahudumu nimewasikia wakichanganya. Mtu ambaye kinga yake ya mwili ni dhaifu sana, mfano amepandikizwa figo, au yuko kwenye matibabu ya saratani, au anaishi na VVU na CD4 zake, zile seli za kinga kwenye damu, ziko chini sana, dozi mbili mwili wake unaweza usizipokee vizuri, ndo maana Oktoba 2021 wataalamu wa WHO wakasema apewe dozi ya tatu ndani ya mwezi 1 hadi 3 baada ya pili. Hiyo ni sehemu ya chanjo yake ya msingi. Busta yake inakuja baadae, juu ya hizo tatu. Sasa ukimwandikia "busta" kwenye kadi wakati ilikuwa ni dozi ya tatu ya msingi, busta yake halisi inakuja kukataliwa, anaambiwa "ulishapata". Nilimsikia baba mmoja mwenye figo ya kupandikizwa akibishana pale mezani na mhudumu, mpole kabisa, ana barua ya daktari wake mkononi, na ilichukua muda mrefu mpaka akaitwa mkubwa wa kituo ndo ikaeleweka. Mtu mgonjwa hapaswi kuja na hoja za kisheria ili apate sindano.

Kuchanganya aina za chanjo ni jambo jingine lililoogopesha watu bure. Mi dozi za mwanzo zilikuwa AstraZeneca na busta yangu Pfizer. Wengine waliniambia vitapigana mwilini. Havipigani. AstraZeneca inatumia kirusi cha sokwe kilichodhoofishwa kisiweze kuzaliana, kinabeba maelekezo ya ule mwiba wa korona, yaani protini inayochomoza juu ya kirusi, Pfizer inabeba maelekezo ya mwiba ule ule kwa njia ya mRNA, kwa hiyo mwili unaona kitu kile kile ukifikishiwa kwa njia mbili. Uingereza walifanya utafiti kabisa wa kuchanganya, na waliopata AstraZeneca kwanza afu Pfizer walitengeneza kinga kubwa kuliko waliopata AstraZeneca zote mbili, ingawa homa na uchovu vilikuwa zaidi kidogo. Na mi nilichoka kweli siku ya pili yake, ila nikalala nikaamka niko sawa.

Kuanzia 2022 mwishoni busta zenyewe zikaanza kubadilishwa zifanane na kirusi kinachozunguka. Kwanza zikaja za pande mbili, nusu kirusi cha mwanzo nusu Omikroni, 2023 ikaja ya XBB.1.5 peke yake, 2024 zikaja za ukoo wa JN.1, zote hizo ni uzao wa Omikroni. Na kwa vile karibu kila mtu duniani alikuwa ameshaugua au kuchanja, WHO wakarahisisha mambo, mtu mzima ambaye hajawahi kuchanja kabisa anaanza na dozi moja tu, sio mbili tena. Mtu mwenye afya, asiye mzee na asiye mjamzito hasukumwi tena kurudia rudia. Walioambiwa warudi ni wazee, na wenye magonjwa kama ya mama yangu, kila baada ya miezi 12, na wale wazee sana au wenye magonjwa mengi au kinga dhaifu ni miezi 6 hadi 12. Wahudumu wa afya nao baada ya miezi 12. Umri wa kuitwa mzee kila nchi inajipangia yake.

Sasa niambie, hayo niliyoandika hapo juu yana ugumu gani kuyaeleza? Kadi ya mama mpaka leo ina sehemu iliyoandikwa "dozi inayofuata" na iko tupu. Dozi mbili za kwanza tarehe zilijazwa kwa mwandiko mzuri kabisa na meseji ya kumkumbusha ikaja kwenye simu, kilichofuata baada ya hapo ni kimya. WHO walitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023 na vituo vingi vikachukulia kama tangazo la kufunga meza, wakati kwa mama mwenye sukari hakuna kilichoisha, ni ugonjwa ule ule na mwili ule ule unaozeeka. Namba yake ya simu wanayo. Mtambo wa kutuma meseji wanao, walishautumia. Ninachodai ni meseji moja kwa mwaka kwa watu waliomo kwenye yale makundi, na tarehe ikijazwa kwenye kadi kabla mtu hajanyanyuka kwenye kile kiti cha dakika 15. Muda upo, amekaa pale hana kazi, mweleze hapo hapo.

Kwa anayetaka kwenda sasa hivi, nenda na kadi yako ya zamani na majina ya dawa unazotumia. Waulize wana toleo la mwaka gani. Kama unapata na chanjo ya mafua siku hiyo hiyo inaruhusiwa, hii mkono mmoja na ile mkono mwingine. Na kama kadi ilishapotea na hukumbuki hata ulichanjwa aina gani, hilo lisikuzuie kabisa, wengi wetu tunapewa dozi moja ya toleo la sasa na hiyo inahesabika, waambie tu ukweli ilikuwa takriban lini na kama kuna dozi iliyowahi kukuletea aleji.